Marinda Manane

Mjukuu wangu, mimi sikutaka kuandika. Wewe ulikuja Jumamosi na daftari lako lenye mistari, ukakalia kigoda changu bila kukaribishwa, ukaniambia unatunga kitabu cha maneno cha wanafunzi wako na umefika kwenye neno mimba. Ukataka maana yake, na maneno mengine yanayofanana nalo, na kila moja linasemwa wapi. "Bibi, wewe umekaa na wanawake maisha yako yote, utakuwa unayajua." Kwani kamusi zote zimeungua? Nikakuambia sijui kitu. Ukacheka, ukaniachia kalamu.

Basi chukua. Niliishia darasa la tatu, na mwandiko wangu ni wa kuandika vipimo vya nguo, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinicheke, na usinisahihishe. Maneno yako utayapata. Ila utayapata nikiwa naeleza jinsi mama yako mdogo alivyokufa, maana mimi niliyajua kwa njia hiyo na sina nyingine. Umekua ukiambiwa alikufa kwa kifafa. Aliyeanza kusema hivyo ni mimi.

Tuanze na maneno, nisije nikaambiwa nimekwepa kazi.

Mke wa mtu ni mjamzito. Hilo ni neno la kadi ya kliniki, la mume anayeomba ruhusa kazini. Akisema ana ujauzito watu wanampisha kwenye foleni na kumvutia kiti. Himila ni neno la baba yangu, alilitumia kwenye dua akishusha sauti, na tangu tumzike sijalisikia tena. Amebeba, hilo ni la wanawake wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Hayuko peke yake, ana mzigo, hayo ni ya mama mkwe anayeogopa kutaja kitu mapema kisije kikaharibika. Amenasa, amejazwa, kapachikwa, hayo yalikuwa ya barazani kwangu, na mengi yake aliyaleta Msumari. Msumari alikuwa mwenzangu kazini, mtoboaji wa matundu ya vifungo, mwembamba kama jina lake, ila mdomo ulimtangulia kufika kila mahali.

Mimba je? Mimba ni ya ng'ombe, ya mbuzi, na ya msichana asiye na mume. Hata mpunga, ukikaribia kutoa masuke, wakulima husema una mimba, na sijaona mtu akiufukuza shambani. Halafu watu wakiuliza "mwenye mimba ni nani?" hawamuulizii aliye na tumbo, wanamuulizia mwanamume. Msumari alikuwa akisema huyo ndiye mgonjwa pekee ambaye ugonjwa wake unalazwa kwa jirani.

Lakini neno hilo hilo lina mlango mwingine. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho ni kitinda mimba, na hayo unayasema mbele ya wageni, kifua mbele. Mama yako ni kifungua mimba wangu. Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, tukamfupishia, tukamwita Kitinda. Kila nilipomtambulisha kwa mtu nililitaja neno zima kwa fahari. Siku nilipotakiwa kulitaja kwa ajili ya uhai wake, sikulitaja.

Banda langu la kushonea lilikuwa mkabala na geti la shule ya wasichana. Cherehani mbili za kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, kioo chenye ufa. Sare zote za shule nilishona mimi. Gauni la bluu, kola nyeupe, marinda manne mbele. Nilipima wasichana mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa masomo na baada ya likizo ya katikati. Hiyo ya pili ilitakiwa na Mwalimu Mkuu mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mpole wa sauti, na aliniambia waziwazi, "Mama fundi, mabega yanaonyesha chakula. Kiuno kinaonyesha tabia."

Nilimwelewa. Msichana anayekua hukua kila mahali. Mabega yanatanuka, mikono inarefuka, nyonga inafuata. Kiuno kikisogea peke yake sentimita tano, na mabega yamelala pale pale, hiyo si shibe. Mimi sikuhitaji kusema kitu. Kwenye daftari la vipimo, pembeni ya jina la msichana huyo, nilichoma sindano yenye uzi mwekundu, nikaufunga fundo, nikaukata. Mchana Mwalimu Mkuu alipita, akafungua kurasa, akaona uzi. Kesho yake msichana yuko nje ya geti na sanduku lake la bati, anasubiri kuchukuliwa.

Kwa miaka tisa nilichoma nyuzi saba. Sikukosea hata mmoja. Nilikuwa naringa nalo, nisikufiche. Msumari akiuliza, "Huyu je?" nilimjibu, "Huyu ana mimba," kwa sauti ile ile ya kusema huyu gauni lake limepauka.

Mmoja wa wale saba namkumbuka kuliko wengine. Tulimwita Mrefu. Alipofika mbele yangu alinyoosha mikono kama wenzake, nikapitisha futi kiunoni. Akaniinamia, maana alinizidi kichwa kizima, akaninong'oneza.

"Mama fundi, andika ya mwanzo wa mwaka."

"Futi haidanganyi, mwanangu."

"Futi haiandiki. Unaandika wewe."

Nikachoma uzi.

Mwaka uliofuata, baada ya likizo ya katikati, wasichana wakapanga foleni kama kawaida. Kitinda alikuwa kidato cha tatu, miaka kumi na saba, akasimama mwisho kabisa wa mstari, yeye ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kwa kuwa banda ni la mama yake. Nilipoona amesimama nyuma nilijua. Nikapima wote kwanza, polepole, kama mtu anayekula mboga akiibakiza nyama mwisho.

Mabega thelathini na nane, pale pale. Mikono pale pale. Kiuno, mwanzo wa mwaka sitini na nne. Sasa sabini.

Nikaandika sitini na nne. Kitinda alikuwa anasoma namba zikiwa kichwa chini, alizoea tangu mdogo. Aliiona. Akaniangalia, nikamwambia ashushe mikono.

Nyumbani alinifuata jikoni.

"Mama, nataka kukuambia kitu."

"Kama ni sare inabana, nimeiona. Ilete niifumue."

"Si sare."

"Ilete."

Akaileta. Nikafumua mishono ya pembeni, nikaongeza kitambaa, na badala ya marinda manne nikakunja manane, membamba, yanayoanzia chini ya kifua, nguo ikaanguka kama maji. Hapo nilishona vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Kesho yake Msumari aliigeuza geuza mikononi.

"Dada, hili ni gauni au pazia?"

"Mtindo mpya."

"Mtindo wa kufunika nini?"

Nikamnyang'anya gauni. Na unajua kilichotokea? Wasichana waliupenda. Haikupita wiki mbili wakaanza kuja na magauni yao, mama fundi nami niwekee manane, na Mwalimu Mkuu akaona yanapendeza, akapitisha shule nzima. Tulishona marinda mpaka vidole vikaota sugu, shule nzima ikamfunika mwanangu bila kujua.

Ndani ya gauni nilimtengenezea mkanda wa turubai, mpana, wa kukaza kwa kamba kama kiatu. Nilimkaza mwenyewe kila asubuhi. Alishika ukuta, nikavuta. Nikisema kitu, nilisema "huo mwili wako," au "hayo mambo." Mwenye mimba sikumjua wala sikumuulizia, maana ningeuliza ningekuwa nimelitaja neno, na mpaka leo simjui. Pengine nimewahi kumshonea suruali.

Msumari alivumilia mwezi mmoja. Siku moja akaweka mkasi chini.

"Dada, mpeleke kliniki. Mtoto ana mimba."

"Neno hilo liishie hapo hapo mdomoni mwako."

"Basi ni mjamzito."

"Kwa mume yupi?"

"Himila, basi. Ile ya marehemu baba yako."

"Msumari, toboa matundu."

"Nitatoboa. Ila tumbo halisubiri tuchague jina."

Nilimnunia siku tatu. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Viatu vya shule havikuingia, nikavipasua nyuma kwa wembe, nikashonea kipande cha ngozi ili visionekane. Uso nao ukajaa, asubuhi macho yalikuwa membamba kama matundu ya Msumari. Akalalamika kichwa. Si kichwa cha kawaida, alisema, kinapiga nyuma ya macho, na mbele yake anaona vimulimuli mchana kweupe. Hapo niliogopa. Nikamfumua mkanda, nikamvika gauni la nyumbani la kupwaya, nikampeleka zahanati.

Nesi alikuwa msichana mdogo tu, koti limemzidi mikono, na nje kulikuwa na foleni inayofika barabarani. Akamuuliza Kitinda, "Kichwa tangu lini?"

"Wiki ya pili," nikajibu mimi.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini, dada?"

"Siku zake ziko sawa," nikasema.

"Mama, simuulizi mama. Namuuliza yeye."

"Ni mwanangu. Ukiniuliza mimi umemuuliza yeye."

Nesi akaweka kalamu. Akatuangalia wote wawili, akauliza bila kuzunguka, "Ana mimba?"

Kitinda aliniangalia. Mezani kulikuwa na kile kifaa cha kupimia presha, kitambaa chake kimekunjwa vizuri, kingemtosha mkono. Neno lilikuwa moja. Ningesema ndiyo tu, hata neno lenyewe nisingelazimika kulitaja. Lakini nikaona nyuzi zangu saba, nikaona sanduku la bati nje ya geti na mimi nimekaa mkabala nalishuhudia, nikamsikia kila mama wa msichana niliyemchoma uzi akicheka.

"Mwanangu yuko kidato cha tatu," nikasema.

"Hilo si jibu, mama."

"Ndilo nililo nalo."

Akapumua. Foleni ilikuwa inagonga mlango. Akatupa vidonge vya maumivu kwenye bahasha ndogo, akamwambia Kitinda, "Kesho rudi, peke yako." Hakurudi. Kesho yake nilimkaza mkanda na kumpeleka mwenyewe hadi getini.

Siku ile ya zahanati, tukirudi, alitembea nyuma yangu. Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Mama, kwenye daftari mbona mimi hukunichomea uzi?"

"Tembea."

"Wenzangu saba uliwachomea."

"Tembea, nimesema."

Hakuwahi kunilaumu zaidi ya hapo. Watoto wa siku hizi mngesema mengi.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, mstarini. Walikuwa wanaimba. Akaanguka, akakakamaa, akatupa mikono na miguu. Wenzake wakasema kifafa, mmoja akamwekea rula katikati ya meno. Walimu wakambeba hadi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mlango ukafungwa, wakatuma mtu kuniita. Nilivuka barabara nikiwa na futi shingoni na mkasi mkononi, kwa kuwa nilikuwa nakata kitambaa. Nikapiga magoti, nikakata gauni, nikakata zile kamba za turubai. Tumbo likatoka. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama juu yangu. Alisema, "Mama fundi," basi.

Hospitali, daktari alikuwa mzee wa makamo, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni. Alinikuta kwenye benchi la ukumbini.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Saba kasoro wiki," nikasema. Nilikuwa nimehesabu. Kumbe siku zote nilikuwa nahesabu.

"Hakuwahi kupimwa?"

"Nilimpima."

"Wewe? Presha?"

"Kiuno."

Akaangalia futi iliyokuwa bado shingoni mwangu, akarudi ndani. Mtoto alitolewa akiwa ameshakufa, wa kiume. Kitinda hakuzinduka. Mchana, saa tisa na nusu, wakaniita.

Daktari alinieleza akiwa amekaa nami benchini, alama za mkanda alikuwa ameziona. Ugonjwa unaitwa kifafa cha mimba. Huanza na presha, miguu, uso, kichwa, vimulimuli, kisha degedege. "Kama ni ule mkanda unaofikiria, mama, si mkanda. Ni presha. Wangeiona mapema kwa kifaa cha mkononi tu." Alidhani ananipunguzia. Mkanda ungekuwa kosa la mikono, na mikono yangu ningeweza kuichukia. Kumbe kosa lilikuwa neno, na neno halina mahali pa kulishika.

Msibani wanawake wakauliza, kama wanavyouliza, mtoto kaugua nini. Nikajibu, "Kifafa." Nililikata jina la ugonjwa kama ninavyokata uzi kwa meno, nusu nikaitema, nusu nikaimeza. Mwalimu Mkuu alikuwepo, aliinamisha kichwa. Msumari alikuwepo, akatoka nje. Wale wasichana wa mstarini si waliona mwenzao akitupa mikono? Wakathibitisha.

Mrefu naye alikuja. Alikuwa na mtoto mgongoni, mkubwa tayari. Akanipa mkono.

"Pole, mama fundi."

"Nimeshapoa."

Akawaangalia wasichana wa shule waliojipanga ukutani, wote na magauni yao ya bluu. "Marinda manane," akasema taratibu. "Sisi tulikuwa na manne."

"Mtindo," nikamwambia.

"Mwaka wetu haukuwepo."

Tukaangaliana. Alijua. Alikuwa na neno lile mdomoni, na watu zaidi ya mia uani, na kila haki ya kulitema. Akafunga khanga yake vizuri, akaenda nyuma kuosha vyombo, akaosha hadi jioni, akaondoka bila kumwambia mtu. Mimi sikuwahi kumnyamazia yeye. Yeye alininyamazia.

Nusu ile niliyoisema haikukaa kimya. Mama yako wakati huo alikuwa ameposwa. Miezi minne baada ya mazishi alikuja shangazi wa yule kijana, akakaa pale pale ulipokaa Jumamosi, akasema hawana ugomvi na sisi, binti ni mzuri, ila wameambiwa damu yetu ina kifafa na wao wanataka wajukuu. Mama yako alikuwa mlangoni anasikia. Nilichotakiwa kuongeza ni maneno mawili tu, cha mimba. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikakikunja, nikakikunjua, nikamwambia, "Sawa, tumewaelewa." Mama yako alikaa miaka sita mingine ndipo akaja baba yako, ambaye Mungu ambariki hakuuliza kitu. Na wewe ulipojikwaa ukaanguka ukiwa na miaka saba, unakumbuka mama yako alivyokuja mbio na kijiko akukinge meno? Ulimcheka. Ni mimi nilimfundisha ile hofu. Damu yako haina kitu, mjukuu wangu. Haikuwahi kuwa na kitu.

Kupima niliacha mwaka ule ule, nikahamia kushona mapazia. Shule ilimpata fundi mwingine, lakini marinda yalibaki. Ukipita pale getini leo utayaona, manane, na nasikia wanasema fundi wa zamani alikuwa na jicho la mtindo. Daftari ninalo, ndani ya sanduku la mashine. Ukurasa wa Kitinda hauna uzi.

Sasa kazi yako. Kwenye kitabu chako, chini ya kila neno, umeniambia kuna nafasi ya sentensi ya mfano. Kwenye mimba usiweke ng'ombe wala mbuzi. Andika hivi: Kitinda mimba wa fundi alikufa kwa kifafa cha mimba kwa sababu mama yake hakutaka kulitaja. Usiniwekee ujauzito, usiniwekee himila, usinilainishie. Lakini kabla hujaipeleka kuchapwa, nenda kwa mama yako, mkalishe, umsomee barua hii yote kwa sauti. Mimi mdomo wangu bado haujaweza. Kisha urudi hapa, ukae kwenye kigoda, safari hii nakukaribisha, uniambie alijibu nini. Na uniambie lote, usinikatie neno hata moja.